Pipani Hakiingii

Shuleni walimwita Geti, kwa sababu chuma cha mguu wake wa kushoto kililia kila alipopiga hatua. Zilikuwa fito mbili kutoka pajani hadi kwenye kiatu, zimeshikwa na mikanda ya ngozi, na bawaba pale gotini. Hospitali ilizipaka rangi ya kijivu, nayo rangi ilishaanza kubanduka vipande vipande. Geti mwenyewe hakuwa msemaji, angeweza kumaliza siku nzima kwa kutikisa kichwa tu. Lakini alipomkuta mama yake kwenye cherehani, anashona sketi ndefu ya kufunika mguu mpaka chini, mdomo ulifunguka.

"Sivai hiyo," alisema.

Sketi ilikuwa ya Ijumaa. Ijumaa Geti angesimama mbele ya shule nzima kupokea zawadi ya hesabu, na mama alishamwomba mwalimu mkuu ruhusa ya sketi, akapewa. Mama akamwambia watu watamwangalia. Geti akajibu kwamba wanamwangalia tangu zamani, basi bora wapate cha kuangalia. Alitaka chuma king'ae. Kama yeye ni geti, awe geti la nyumba ya tajiri. Mama akacheka bila kupenda, halafu akanuna kwa kuchekeshwa. Akasema kamuulize mjomba wako, yeye akikubali mimi sina neno. Alikuwa na hakika kaka yake atakataa.

Mjomba alikuwa fundi wa mchovyo, wa kuvika chuma kimoja juu ya kingine kwa umeme. Karakana yake ilijaa bampa za magari, vitasa vya milango na mabomba ya bafuni, vyote vimepauka, vikisubiri kuvishwa ngozi mpya. Geti akaanza na kromu, ile inayong'aa kama kioo. Mjomba alichukua njiti ya kiberiti, akaiingiza tundu moja la pua, ikachungulia tundu la pili. Moshi wa kromu ndio uliotoboa hapo katikati, alisema, na tangu siku hiyo yeye na kromu walishaachana, kila mmoja na njia yake.

Zikabaki njia mbili. Anayeanza, mjomba alisema, anaanzia pipani. Unaning'iniza kitu chako ndani ya dawa, unaunga nyaya, chuma kinajivisha chenyewe polepole mpaka kwenye pembe. Njia ya kitambaa, ya kusugua kwa mkono, ni ya mafundi wakongwe wanaoziba mikwaruzo. Mtu mgeni akiishika anaacha mabaka kama ukuta uliopakwa rangi na mlevi. Ila kwa pipa ingebidi kutoboa ribiti zinazoshika mikanda na kuivua yote, maana dawa inaila ngozi, kisha kurudi hospitali kufungiwa upya. Na foleni ya hospitali kila mtu aliijua.

"Na mimi nitatembea na nini?" Geti aliuliza.

"Utakaa kidogo, mama. Kukaa nako ni kazi?"

"Sikai. Nilikaa vya kutosha kabla hakijaja. Pipani hakiingii."

Mjomba akainua mabega. Akamwachia kitasa kibovu ajifunzie, akatoka kupeleka bampa ya mtu.

Kitasa hakikuguswa. Kwenye rafu Geti aliona chupa ya mrututu, ile dawa ya bluu inayozaa shaba, na shaba ndiyo rangi aliyoipenda. Akakaa kwenye benchi, akavua chuma, akakipiga msasa mpaka rangi ya kijivu ikaisha. Akachovya kitambaa, akapangusa. Hata waya hajashika, chuma kikageuka chekundu, kizuri ajabu. Akajiona fundi wa kuzaliwa. Akamaliza juu hadi chini, akavaa, akaondoka kabla mjomba hajarudi kumharibia furaha.

Kesho yake darasani mikanda ikasugua, soksi ikasugua, na shaba ikaanza kushuka kama unga. Kufika mapumziko, soksi nyeupe ilikuwa ya kahawia na fito zina madoa meusi. Mwanafunzi mmoja akasema geti limeota kutu. Darasa zima likalipuka, na mwalimu naye akageukia ubao haraka, mabega yakimtikisika. Nyumbani mama alifua ile soksi, kisha akatundika sketi ndefu kwenye mlango wa chumba.

Geti akarudi karakana. Mjomba alicheka mpaka akaishia kukaa juu ya bampa. Alipopata pumzi akaeleza: chuma ni kilafi. Kikiona mrututu kinainyakua shaba chenyewe, hakisubiri umeme, na kilichonyakuliwa hivyo hakishiki. Kinachoshika ni nikeli, ile metali nyeupe.

"Haya, sasa umekubali pipa?"

"Hapana. Nipe nikeli na kitambaa."

Safari hii alisikiliza. Alisugua tena kwa msasa, akaosha kwa sabuni, akamwagia maji. Yakajikusanya matone matone, na mjomba akasema hayo ni mafuta ya vidole vyako, rudia. Akarudia mpaka maji yakatandaa kama shuka. Dawa waliitengeneza kwa siki, chumvi kidogo na vipande vya nikeli vilivyoungwa kwenye chaja kuukuu ya simu, mpaka siki ikawa ya kijani. Akafunga kitambaa kwenye kipande cha nikeli, akakilowesha dawa, waya mwekundu wa chaja hapo, waya mweusi kwenye chuma. Akavaa glovu, milango ikaachwa wazi, akaanza kusugua.

Siri ilikuwa kutosimama. Ukituama mahali pamoja panaungua, panakuwa peusi. Mkono wa kulia ulipochoka alihamia wa kushoto. Mjomba kila akipita alimuuliza kama amwandalie kitanda hapo hapo. Weupe ulikuja taratibu, si wa kioo, ni kama wa kijiko kizuri.

Mwisho mjomba alikuja na kipande cha mkanda wa ngozi, akasugua ufito kwa nguvu zake zote. Akaangalia mkanda. Ulikuwa safi.

"Kuna mabaka," alisema.

"Nayaona."

"Pipa lisingeacha mabaka."

"Pipa lingeniacha nimekaa."

Mjomba akacheka, akachomoa chaja.

Ijumaa asubuhi Geti alitoka chumbani na sketi ya shule ya kila siku, ile inayoishia gotini. Mama alikuwa ameshika ile ndefu, imepigwa pasi. Akauangalia mguu, akapiga goti moja, akapitisha kidole nyuma ya bawaba.

"Hapa hukufikisha."

"Nitapafikisha."

Mama akaiweka sketi juu ya kiti. Wakatoka. Barabarani mama akashika upande wa kushoto, kama alivyozoea tangu Geti akiwa mdogo, ili mwili wake uukinge mguu, watu wasiuone. Geti akasimama. Jua liligonga nikeli. Mama akageuka kuuliza kuna nini, akamwona alivyokaza shingo, akaelewa. Akamzunguka kwa nyuma, akahamia kulia, na wakaendelea na safari.