Baiskeli Zilizotundikwa Kama Nyama

Jumapili aliyofariki Wakhungu, mchungaji alidhani amelala. Hakuna aliyemlaumu mchungaji. Kila Jumapili, mahubiri yakifika katikati, Wakhungu alishusha kidevu kifuani, na Nakhumicha mkewe alikuwa na kazi ya kumchoma mbavuni kwa kiwiko kabla hajaanza kukoroma. Siku hiyo alimchoma, akamchoma tena, kisha akakasirika, akamwacha aaibike mwenyewe. Watu waliposimama kuimba, Wakhungu hakusimama. Nakhumicha akainama ampe maneno makali sikioni, na maneno yale hayakutoka.

Daktari alisema ni moyo. Nakhumicha alisikia kila kitu siku ile kama mtu aliye ndani ya tangi la maji. Lakini Jumatatu alfajiri, akiwa amelala juu ya kitanda na nguo za kanisani, alisikia jambo moja vizuri sana: wanaume wa ploti nzima, wapangaji wenzao, wamesimama nje kimya, mbele ya kibanda cha baiskeli, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza ufunguo uko wapi.

Mwishowe walienda kazini kwa miguu, kutoka Kitengela hadi viwandani Athi River, kwenye ule upepo wa uwandani unaoingia kwenye masikio na kukaa humo. Nakhumicha aliwapenda kwa hilo.

Kibanda chenyewe alikijenga Wakhungu baada ya ile mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba. Kabla ya hapo kila baiskeli ya ploti ililala ndani ya nyumba pamoja na mwenyewe, na nyumba ilikuwa chumba kimoja. Baiskeli ilisimama kati ya kitanda na jiko, ikadondosha tope la Kitengela, ambalo likikauka unalibandua kwa panga. Usiku mtu akienda haja pedali ilimkata muundi. Mwongeli, mke wa jirani yao Masila, alimwambia mumewe achague nani alale ndani, na Masila akaomba muda wa kufikiri. Kulala kwa mama mkwe wiki nzima ndiko kulikomsaidia kufikiri. Na nje haikuwezekana kuacha kitu. Kuna mtu aliyefunga baiskeli yake kwa mnyororo kwenye mlingoti wa kamba ya nguo. Asubuhi alikuta nguo zote ziko, baiskeli imekwenda na mnyororo na kufuli yake. Mlingoti ndio uliokuwa umeng'olewa.

Nafasi iliyobaki katika ploti ilikuwa kichochoro kati ya nyumba ya mwisho na ukuta wa nje, chembamba hivi kwamba mbuzi mnene angefikiri kabla ya kuingia. Bedan, mtunza ploti, alisema hapo hapatoshi hata baiskeli mbili. Wakhungu, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika kiwanda cha saruji, alisema hapatoshi kwa sababu Bedan anazilaza. Akaenda kwa wauza vyuma kuukuu, akarudi na mkokoteni umebeba reli ya juu na kulabu za machinjio fulani yaliyokuwa yamefungwa. Zile kulabu za kutundikia ng'ombe mzima.

Alizitundika baiskeli kwa gurudumu la mbele, zikaning'inia wima, pua juu. Moja aliinua, inayofuata akaishusha, nyingine akaiinua, ili usukani wa hii upite chini ya usukani wa ile, zisigombane pembe. Kulabu ziliteleza kwenye reli, kwa hivyo ukitaka yako ulizisukuma za wenzako zikabanana kama watu kwenye foleni ya unga. Juu mabati, yamelazwa kumwaga maji upande wa nje. Mbele mlango mmoja wa chuma, na bawaba zake ndani, mwizi asizione. Jirani Mmasai aliyekuwa akichunga ng'ombe nyuma ya ukuta alichungulia siku ya kwanza, akazitazama zinavyoning'inia, akauliza hizo zinachunwa lini.

Kufuli ndiyo Wakhungu aliyojivunia kuliko mke. Aliitia ndani ya boksi la chuma nene lililochomelewa mlangoni, lenye tundu upande wa chini tu. Ulipaswa kuingiza mkono kwenda juu, kama mkulima anayemsaidia ng'ombe kuzaa, na kufungua bila kuona. Msumeno haukufika. Nondo haikushika. Na ili pasiwe na maneno, siku ya uzinduzi aliwaita wanaume wote chooni, akauinua ule ufunguo wa pili waone, akautumbukiza shimoni. Funguo mbili, alisema, ni wezi wawili. Watu walipiga makofi. Nakhumicha alimuuliza usiku kama ana akili, naye akajibu kwamba ana ufunguo, inatosha.

Miaka miwili haikuibwa hata kengele.

Maiti ilisafirishwa Bungoma. Khaemba, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kuichukua, na yeye ndiye aliyeingia mochari kumvisha ndugu yake suti. Hilo si jambo la mjane. Nakhumicha alipewa nguo za kanisani alizovaa marehemu, zimefungwa kwenye mfuko wa karatasi, akaziweka chini ya viti vya basi, hakuzitazama. Kule nyumbani kulikuwa na watu wengi na moshi mwingi, na kila mtu alitaka kumshika kichwa. Jambo moja lilimshangaza. Wilkister, mwanakwaya wa kanisa lao la Kitengela, alisafiri usiku kucha kuja kuzika, na akakalishwa peke yake nyuma ya zizi, na chai ilipopita haikumfikia. Wilkister alilia sana, lakini huyo hulia hata kwenye harusi. Nakhumicha alimpelekea kikombe mwenyewe, na akaona Khaemba anamtazama kwa huruma ambayo hakuielewa.

Baada ya mazishi Khaemba aliamua kumsindikiza Kitengela, amsaidie kufunga vitu, kisha amrudishe nyumbani moja kwa moja. Nakhumicha hakuwa amekubali. Hakuwa pia amekataa. Alikuwa amechoka, na watu waliokubaliana kati yao walichukulia kuchoka kwake kuwa jibu.

Walifika ploti jioni. Wanaume walikuwa wakirudi kazini, viatu mkononi, na harufu ya marhamu ya mgongo ilitangulia kabla yao. Walimpa pole mmoja mmoja. Walikuwa wamechanga, walikuwa wamelinda nyumba yake alipokuwa Bungoma, na sasa walisimama wakitazama chini. Bedan ndiye aliyesema. Alisema kwamba hawezi kusubiri tena, fundi wa gesi anakuja kesho, wanakata ile kitu yote kutoka reli hadi mlango, wanatoa baiskeli zao, na vyuma vinarudi vilikotoka. Mahali pale patajengwa bafu. Tena mama mwenyewe anahama, aliongeza, kwa hivyo hakuna mtu wa kuumia.

Nakhumicha aligundua hapo kwamba yuko mtu wa kuumia. Mwili wa Wakhungu ulikuwa Bungoma, na Bungoma walimjua kama mtoto wa fulani aliyekwenda mbali. Kitu alichokifikiria kwa kichwa chake na kukisimamisha kwa mikono yake kilikuwa hiki tu, kati ya ukuta na ukuta, kimebeba baiskeli za watu. Wakikikata, itabaki kwamba aliwahi kulala kanisani.

"Hakuna kukata," alisema. "Ufunguo uko ndani ya nyumba. Ngojeni."

Akaingia, akafungua ule mfuko wa karatasi juu ya kitanda. Shati. Suruali. Soksi moja ina tundu, akaona haya kana kwamba madaktari bado wanamtazama. Akatoa suruali ya ndani na kutafuta ule mfuko mdogo aliokuwa ameushona mwenyewe kwa uzi mweusi, kwa sababu Wakhungu alisema mifuko ya kawaida ni ya watu wa kawaida. Mfuko ulikuwepo. Ulikuwa mtupu.

Alitoka nje ameishikilia ile chupi mbele ya wanaume wote, hakujali.

"Mulamwa," alimwambia Khaemba shemeji yake, "hapa ndani kulikuwa na ufunguo."

Khaemba, mtu mzima, mzee wa kanisa, aligeuka rangi. Akaomba wazungumze kando. Nakhumicha akakataa. Akaomba angalau wanawake waondoke. Mwongeli, aliyekuwa ameanza kuondoka kwa shughuli zake, akarudi akavuta kigoda.

"Mulamwa, mimi niliuona," Khaemba alisema polepole. "Nikaona si ufunguo wa nyumba yako, yako naijua. Mwanaume anaficha ufunguo ndani ya chupi, ni wa nini? Nikajua ndugu yangu alikuwa na nyumba ingine huku. Sikutaka uaibike. Nikaweka kwa soksi yake, aende nao."

Mwongeli akasogeza kigoda karibu.

"Na Wilkister?" Nakhumicha aliuliza.

Khaemba alisema kwamba alikuwa akimngojea huyo mwanamke ajitokeze, na yule alilia kuliko wote.

Nakhumicha alimtazama shemeji yake. Alifikiria Wilkister, ambaye mwaka mzima alikuwa akimwombea Wakhungu aache kukoroma, amekaa nyuma ya zizi bila chai. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, akadhani ni kilio, akajiandaa. Kilikuwa kicheko. Alicheka hadi akakaa chini kwenye vumbi, chupi ya marehemu mapajani, na Mwongeli akaangua, na Masila akageukia ukuta mabega yakimtetemeka. Khaemba alisimama katikati yao kama mtu aliyekosea kanisa.

"Mimi ndiye nilishona huo mfuko," Nakhumicha alisema alipopata pumzi. "Huyo mwanamke wake ni mimi, na hiyo nyumba ni hii ya baiskeli."

Baada ya hapo mazungumzo yalipoteza adabu. Masila alisema kwamba sasa wana funguo mbili, moja Bungoma futi sita chini, na nyingine hapo chooni, na choo kiko karibu. Mwingine akakumbusha kwamba choo kimekuwa kikitumiwa na ploti nzima miaka miwili, afadhali Bungoma. Palipigwa kura. Choo kikapata kura mbili, zote za watu ambao hawakuwa tayari kuingia. Khaemba, kwa unyonge, alisema kaburi la ndugu yake halifukuliwi kwa sababu ya baiskeli, na Nakhumicha akamwambia ni kweli, kwani hata Wakhungu mwenyewe angekubali tu kama wangezika upya kwa kutumia nafasi vizuri.

Lakini kicheko hakifungui mlango. Asubuhi Mbithi, fundi wa gesi, alikuja na mitungi yake kwenye mkokoteni. Alilizunguka lile boksi, akaingiza mkono kwenye tundu, akautoa na grisi hadi kiwiko, na akasema marehemu alikuwa mtu mbaya. Akakubaliana na Bedan. Njia rahisi ilikuwa kukata reli, kila kitu kishuke chini, halafu wachambue. Akawasha moto.

Nakhumicha akasimama kati yake na mlango. Khaemba alimshika mkono taratibu, akamwambia amwache fundi, vyuma ni vyuma tu, basi la jioni linawangoja. Nakhumicha alikuwa akijaribu kukumbuka jioni ile ya kuchomelea boksi, kwa sababu yeye ndiye aliyelishikilia, amejifunika leso usoni, na cheche zikamtoboa kanga. Wakhungu alitukana jioni ile. Hakuwa na kawaida ya kutukana kazini. Alitukana kwa nini?

Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vimeisha. Pande tatu alizishika vizuri, upande wa ukutani akaugusa nukta mbili tu, akasema atamalizia kesho, na kesho yake palikuwa na mazishi ya mtu, na kesho kutwa palikuwa na mpira.

"Upande wa ukutani," alimwambia Mbithi. "Hajamaliza."

Mbithi alisema mtu aliyejenga kitu kama hiki hawezi kuacha upande. Nakhumicha akamwambia kwamba amelala na huyo mtu miaka kumi na sita, na amekaa na meza yake isiyo na mguu mmoja miaka kumi. Anajua anavyoacha upande.

Mbithi akaingiza mdomo wa moto kwenye ule upenyo kati ya boksi na ukuta. Nukta ya kwanza ikayeyuka. Ya pili ikayeyuka. Bamba likaning'inia, kufuli ikaonekana, ndogo kuliko alivyofikiria mtu yeyote, na Mbithi akaikata kama mkate. Mlango ukafunguka bila hata kulia. Mle ndani baiskeli zilining'inia zimejaa vumbi, hii juu na hii chini, na wanaume wakaingia mmoja mmoja, wakasukuma, wakashusha, wakafinya matairi kwa vidole. Hakuna aliyetaja bafu tena. Bedan mwenyewe alikuwa na baiskeli mle ndani, na alikuwa mbele ya foleni.

Ya Wakhungu ilibaki mwisho. Khaemba alisema ataipakia juu ya basi, ni haki ya nyumbani. Nakhumicha alimwambia haendi kokote, baiskeli wala yeye. Khaemba alifungua mdomo kama kaka mkubwa, kisha akakumbuka soksi, akaufunga. Kabla Khaemba hajaondoka, Nakhumicha alimpeleka kwa Wilkister akaombe msamaha. Alikunywa chai huko, vikombe vitatu, kwa kuwa Wilkister hakumnyima.

Mbithi alilirudisha lile bamba na kulichomelea pande zote nne, na kufuli mpya ina funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu. Khaemba bado hutuma salamu na kuuliza kama mjane amebadilisha nia. Nakhumicha anauza mboga stendi, na huenda huko na baiskeli ya Wakhungu, leso imefungwa kiunoni isiingie kwenye mnyororo. Bado huanguka kwenye kona ya posho mili, penye kinu cha unga. Jioni hawezi kuitundika, ni nzito, Masila humtundikia.