Kibuyu cha Sikukuu ya Ana

Julai ile ya tisini na sita, kwenye kambi ya wachuma chai karibu na Sosiot, ukungu ulikataa katakata kuondoka. Sikukuu ya Mtakatifu Ana, nyanya yake Yesu na msimamizi wa kigango chao, ikaingia hivyo hivyo. Siku hiyo wakongwe huwapelekea maziwa akina mama waliojifungua, na kibuyu hakirudi kitupu. Hata bahili alilijua hilo.

Dorcus hakwenda kanisani. Alikuwa ameshazika watoto wawili, Phelix na mdogo wake, na huyu wa tatu, Molly, alikuwa akivuta titi lililokauka. Jackton, mumewe, alikuwa ameanza kukwepa kumtazama mtoto. Dorcus alimchukia kwa hilo, na pia alimwelewa.

Ndipo bibi mmoja akabisha hodi, shuka limemfunika hadi kwenye nyusi.

"Kunywa, mama," akasema. "Kesho nakuja kuchukua kipuyu yangu. Usirutishe tupu."

Dorcus akanywa yote. Jioni haijafika, kifua kikamjaa, na Molly akanyonya mpaka akashikwa na usingizi.

Jirani yake Chepkosgei alikuja kushangilia, akakiona kibuyu, akaketi sakafuni pu!

"Hii ni ya Kogo Chepkorir, nyanya yetu. Ilipasuka, nikaishona hapa na waya mimi mwenyewe. Dorcus, tulimzika nayo mwaka jana."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Hawasemi ni mgeni gani.

Kesho yake wakakijaza unga na mayai. Bibi akaja, akakipima mkononi, akamwaga vyote kizingitini. Chepkosgei alikuwa nyuma ya pazia na rosari yake.

"Hii hawawezi kula," bibi akasema.

Dorcus alimbana Molly kifuani hadi mtoto akalia. "Huyu sikupi! Nichukue mimi!"

"Nani anataka huyo? Nilileta maziwa, nataka maziwa. Wale wako wawili wanalia njaa tangu wakuje kwetu. Sisi wazee tumekauka."

Dorcus akamlaza Molly. Akaketi kitandani, akafungua blauzi, akakamua titi moja, kisha la pili, huku analia, mpaka kibuyu kikawa kizito. Bibi akakifunika, akaondoka kuelekea kwenye michai.

Dorcus akamkimbilia miguu mitupu hadi mwisho wa nyumba za kambi. Ukungu ulikuwa umeshammeza.

"Kogo!" akaita. "Phelix hupaliwa! Muinue kichwa kwanza! Na huyo mdogo hakujua kunyonya. Umdondoshee na kidole, pole pole."