Cha Kugemea

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alhamisi ya kwanza ya Februari 1984, Kalama alikuwa juu ya mnazi mmoja kati ya minazi yake akipunguza ncha ya karara kwa kotama, kisu cha mgema, ili tembo la mnazi lipate kutiririka. Mkewe Nyevu alikuwa chini, ameshika kibuyu. Mnazi ulikuwa wa Kalama. Waya uliouzunguka ulikuwa wa kampuni ya chumvi, na ulikuwa umefungwa wiki iliyotangulia. Mapenzi, msimamizi wa kampuni, alikuja na walinzi akamwita Kalama ashuke.

"Nimalize karara hili, ndugu yangu," Kalama alijibu. "Tembo halingoji mtu."

Alishuka alipomaliza. Mapenzi alimpiga kwa nondo gotini, kisha begani, kisha kichwani, na pigo la kichwani alilirudia mpaka kichwa kikabadilika umbo. Hakuonekana kuwa na hasira. Aliitupa nondo nyasini akapangusa mikono kwa jani la mnazi.

Askari waliokuja walisema Kalama alianguka. Wagema huanguka, kwa hiyo hakuna aliyebisha. Kampuni ilifungua lango siku ya maziko, Kalama akazikwa chini ya mnazi ule ule, na jioni lango likatiwa kufuli. Nyevu alibaki nje, yeye na nondo, ambayo aliificha ndani ya kanga walipobeba maiti. Hakuna aliyekuja kuiulizia.

Aliipeleka kwa Mwambire, mhunzi wa Gongoni.

"Nataka kisu, baba."

Mwambire aliigonga nondo kwenye fuawe akaisikiliza. "Laini hii, mwanangu. Ni ya kujengea. Haishiki makali mpaka niigeuze feleji, chuma kigumu."

"Igeuze."

Mwambire aliikata vipande, akavitia katika chungu kidogo cha udongo pamoja na mkaa uliopondwa, majani makavu na vigae vya chupa. Alikifunika, akakiziba kwa udongo pasibaki tundu, kisha akavukuta tangu alfajiri hadi alasiri. Chungu kikawa chekundu, halafu cheupe. Ndani yake kulikuwa na mtu anakoroma, kama anavyokoroma aliyepigwa kichwani. Mwambire aliongeza mkaa. Kilipopoa alikivunja akatoa donge jeusi, ukubwa wa yai la bata. Alilifua kwa moto mdogo, maana feleji ikipata moto mkali hupasuka chini ya nyundo. Kila pigo lilitoa damu kidogo, naye aliipangusa kwa tambara ili fuawe lisishike kutu.

Kisu kilipopata umbo, ubavu wake ulikuwa na mawimbi madogo madogo. Mwambire alikitia motoni mara ya mwisho, akakishika kwa koleo juu ya mafuta ya nazi. Hapo mhunzi huuliza swali moja, na kisu hufanya kazi kiliyotajiwa, hakifanyi nyingine.

"Cha nini?"

Nyevu alikuwa na jibu. Alikuja na jibu hilo tangu nyumbani: cha kumuua Mapenzi. Lakini miaka yote ya ndoa yake ndiye aliyekuwa akipeleka visu vya mumewe kwa mhunzi, na swali hilo alilijibu siku zote kwa neno moja. Ulimi ukatangulia.

"Cha kugemea."

Mwambire alikizamisha, mafuta yakalia. Ncha ya kisu ilijikunja kwa ndani, kama ilivyo ncha ya kotama.

"Nilitaka kusema jingine," Nyevu alisema.

"Najua. Feleji haisikii mara mbili."

Kesho yake kulipopambazuka kotama ile mpya haikuwepo ukutani, Nyevu alipoitundika. Mapenzi alikuwa langoni akinywa chai. Kotama ilikuja yenyewe ikampunguza ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kipande chembamba kama ganda la kitunguu, na kibuyu cha Kalama, kilichokuja nyuma yake, kikakaa chini ya kidole. Mlinzi aliyejaribu kuikamata aliachwa bila kidole gumba. Jioni kotama ilirudi kumgema. Asubuhi iliyofuata pia. Nyevu alikuwa akikikuta kibuyu mlangoni kimejaa, naye alikimwaga chini ya waya, mahali palipokaribia kaburi.

Mgema stadi haui mnazi. Hupunguza kidogo, akaungoja, na mti ukitunzwa hugemwa miaka. Kampuni ilimtunza Mapenzi. Ilimlisha maini, ikampa kiti kivulini, na mshahara wake haukukatwa.

Chifu alimfuata Nyevu.

"Una kibali cha kugema?"

"Sigemi mimi. Kinagema kisu."

"Unauza?"

"Siuzi."

Chifu alichungulia kibuyuni. "Tembo hili hulitii maji?"

"Silitii."

"Basi hapana kosa. Kosa ni kuuza."

"Na kumpiga mtu nondo?"

"Yule alianguka, mama."

Mwezi wa Juni Mapenzi alikuja mwenyewe, akitembea polepole. Yeye na Kalama walikuwa ukoo mmoja.

"Shemeji, kiambie kisu kiniache."

"Nifungulie lango. Nikae na mume wangu, na minazi yangu niipate."

"Lango si langu. Amri ya kulifungua hutoka Mombasa."

"Na nondo ilikuwa ya nani?"

"Ya kampuni."

"Na mkono?"

Mapenzi aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umekwisha hadi kifundo.

"Huu ulikuwa wangu," alisema.

Nyevu alimpa maji, akanywa, akaondoka kabla ya magharibi ili kotama isimkute njiani.

Mwezi wa Agosti tingatinga liliingia. Liling'oa minazi yote, ule wa kaburini ukawa wa mwisho. Ardhi ilisawazishwa, maji ya bahari yakafunguliwa, na kaburi likawa chini ya bwawa la chumvi. Mapenzi ndiye aliyeisimamia kazi, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mzima. Nyevu alisimama nje ya waya tangu asubuhi.

Saa kumi na mbili jioni Mapenzi aliketi kwenye kiti chake, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wa kulia kabla hajaguswa. Kotama ikapunguza. Kibuyu kilipojaa kilipita langoni kikamfikia Nyevu, na mlinzi akafunga kufuli.