Rimoti Iko kwa Mama Mkwe

Ukitaka kutukanwa kwa mapenzi pale Chamazi, nenda kaangalie mpira kwenye banda umiza la Venance. Mabati juu, maturubai pembeni, mabenchi pande mbili na njia katikati. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba kushoto ni kwa Wekundu na kulia ni kwa Kijani, lakini mgeni akikosea kukaa, hunyanyuliwa kabla hajajua kosa lake. Na siku Wekundu wanapocheza na timu ya mkoani, Kijani hawabaki majumbani kwao. Wanakuja wote, wanajaa pomoni, kuishangilia hiyo timu ya mkoani ambayo hata jina la kipa wake hawalijui.

TV ya bandani ilikuwa pana kama mlango. King'amuzi chake, hata hivyo, hakikukaa bandani. Mvua za mwaka jana zilikinywesha maji kile cha kwanza mpaka kikafa, na Venance akaapa kwamba cha pili kitalala ndani ya nyumba, sebuleni, juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa alichofuma mkewe, Sesilia. Waya ulitoka hapo, ukapita dirishani, ukavuka uani juu ya kamba ya nguo, ukaingia bandani. Kwa hiyo kelele zote za mpira wa Chamazi zilikuwa zinaanzia chini ya kitambaa chenye maua ya waridi, na Sesilia hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

Alikuwa na mengine ya kufikiria. Alikuwa na Clara, aliyetoka kuota meno mawili na kuyajaribia kwa mama yake. Alikuwa na masomo ya jioni kule Mbagala, anamalizia kidato cha nne alichokiacha njiani. Na wiki hiyo alikuwa na mama yake, Bi Anjelina, aliyekuja kutoka Newala na furushi la korosho na neno moja la kusema.

"Nimesikia Albano anacheza mpira."

Alilisema kama mtu anayesema nimesikia Albano anavuta bangi.

Albano ndiye mdogo wake Sesilia. Alikuwa chuo cha ualimu, na kweli alikuwa anacheza. Alikuwa kipa, na chuo chao kilikuwa kimefika fainali ya ligi ya vyuo. Fainali ingeonyeshwa kwenye TV, moja kwa moja, Jumamosi saa kumi jioni. Saa hiyohiyo Wekundu nao wanacheza kwenye chaneli nyingine. Wiki nzima chaneli mbili ziligombea macho yaleyale: huku wanakupigia ngoma, "Jumamosi hii, wasomi uwanjani!", kule wanakuonyesha magoli ya Wekundu ya msimu mzima.

"Wasomi wakasome," alisema Mzee Kondo, mwenyekiti asiyechaguliwa wa benchi la Wekundu. "Mpira una wenyewe."

Bi Anjelina, bila kumjua Mzee Kondo, alikuwa na mawazo kama yake. "Nitamwangalia mara moja," alimwambia Sesilia. "Nikiona anafanya upuuzi, Jumatatu naingia chuoni kwao mwenyewe, namtoa kwenye hiyo timu kwa mkono wangu." Sesilia aliujua ule mkono. Albano naye aliujua; usiku alituma ujumbe wa sauti, ananong'ona: "Dada, hakikisha mama ananiona. Akiniona tu, ataelewa." Sesilia akamjibu, "Usijali, atakuona." Akaahidi hivyohivyo, kwa moyo mweupe.

Mpango wake ulikuwa mzuri. Jirani yao Hamida alimwazima TV yake ya zamani, ya chogo. Fundi Ansbert akaitwa, akaambiwa avute waya wa pili kutoka kwenye king'amuzi mpaka kwenye ile TV ya chogo, akavuta. Bandani wataangalia Wekundu, sebuleni sie tutamwangalia Albano. Venance akasema sawa. Hamida akasema mambo si hayo. Ansbert hakusema kitu. Aliambiwa avute waya, akavuta waya. Hata mmoja wao hakuuliza king'amuzi kimoja kitaonyeshaje vitu viwili kwa wakati mmoja, na hao ni pamoja na Sesilia, ambaye mwezi uliopita alikuwa amesifiwa na mwalimu wake wa fizikia kwenye mada ya umeme.

Jumamosi ikafika. Saa kumi kasoro banda lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Sebuleni, Bi Anjelina alikaa kwenye kochi, miwani usoni, khanga mpya kiunoni, mikono imetulia mapajani kama yuko kanisani. Sesilia akawasha TV. Wakatokea Wekundu.

"Albano yupi hapo?"

"Bado mama, hiyo siyo. Subiri."

Akachukua rimoti, akabonyeza. Wekundu wakapotea, wakatokea vijana wembamba wa jezi nyeupe na wengine wa jezi za buluu, na nyuma yao wanafunzi wanapiga ndoo kama ngoma.

Kutoka bandani ukapanda ukelele ambao kuku wa Hamida waliukimbia.

Sesilia alisimama na rimoti mkononi na Clara mgongoni. Alitazama king'amuzi. Akatazama waya wa kwanza, akatazama waya wa pili. Mada nzima ya umeme ikampitia kichwani. "Mama yangu wee," alisema taratibu, akabonyeza kurudisha. Bandani wakashangilia kama goli limeingia.

"Mbona umemtoa mwanangu?" aliuliza Bi Anjelina.

"Mama, kumbe…"

"Lete hiyo."

Mama akaichukua rimoti, akaiangalia kwa miwani na bila miwani, akabonyeza palepale alipomwona binti yake akibonyeza, kisha akaiweka mapajani na kuifunika kwa ncha ya khanga.

Ukelele wa pili. Halafu ndala zikasikika uani, zinakimbia.

"Mama Clara! Nani anachezea…" Venance alifunua pazia la mlango, akaona rimoti ilipo, akachuchumaa hapohapo na kuinamisha uso. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Hapo inabidi kueleza jambo moja. Venance kwao Masasi, Sesilia kwao Newala, na kwa wote wawili mkwe hamzoei mama mkwe. Hamwangalii usoni, haingii alipokaa, hapokei kitu mkononi mwake, wala hawasemeshani bila mtu kati. Tangu Bi Anjelina afike, hao wawili walikuwa wanaongea kwa kupitia Sesilia, kila mmoja upande wake wa pazia, wakati wote wanasikiana vizuri kabisa.

"Mama Clara," alisema Venance akiiangalia sakafu, "mwombe mama, watu wamekaa…"

"Mwambie mkwe wangu nawasikia watu wake wanavyolia," alisema Bi Anjelina. "Mwambie mie namtafuta mwanangu. Nikishamwona anacheza, namrudishia mpira wake."

"Baba Clara, mama anasema…"

"Nimesikia. Mwambie ahsante. Mwulize, itachukua muda?"

"Mwambie amwulize Albano."

Venance akarudi bandani. Dirisha lilikuwa wazi, na Sesilia alisikia kelele zilivyompokea, halafu akasikia sauti ya mumewe, ndogo: "Jamani. Rimoti iko kwa mama mkwe."

"Ingekuwa iko polisi," alisema mtu, kwa huzuni, "tungeenda kuitoa."

Ikabaki kumwona Albano tu, na hapo ndipo ilipokuwa kazi. Timu yake ya jezi nyeupe ilikuwa inashambulia bila kupumua. Mpira wote ulikuwa upande ule mwingine, na kamera nayo upande uleule.

"Kwani yuko benchi?" aliuliza mama.

"Hapana, yuko golini."

"Golini wapi?"

"Kule nyuma, mama. Haonekani."

"Nyuma anafanya nini?"

"Anasubiri."

"Anasubiri! Nimempeleka chuo akasubiri?"

Bandani nako kikao kilikuwa kinaendelea. "Yaani kipa akidaka tu, sie tunarudishiwa?" aliuliza Mzee Kondo. Venance akasema ndivyo alivyoambiwa. "Basi jamani, hawa wa buluu wasogee mbele! Nyie wa buluu, twendeni!" Na kwa mara ya kwanza tangu banda lile lijengwe, kushoto na kulia wakapiga kelele ya aina moja. "Pigeni! Hata kwa mbali! Mpigieni huyo kipa!"

Sesilia alisimama katikati ya sebule akimbembeleza Clara, anasikiliza watu wa Chamazi wakimwombea mdogo wake ashambuliwe. Naye moyo ulimgawanyika. Wasipompigia, mama hamwoni. Wakimpigia, akafungwa kijinga, Jumatatu mama anaingia chuoni na ule mkono.

Mara beki akarudisha mpira nyuma, na hatimaye kamera ikamfuata Albano. Badala ya kuubutua, akausimamisha kwa mguu, akamngoja mshambuliaji wa buluu, akampiga chenga. Bandani, "Oooh!"

"Ndio nini hicho?"

"Chenga, mama."

"Kipa si wa kudaka?"

"Kwa mguu pia anaruhusiwa."

"Upuuzi," alisema Bi Anjelina.

"Mama Clara!" iliita sauti ya Venance uani. "Mwulize mama, hiyo imehesabika?"

"Mwambie haikuhesabika."

Wakaendelea kusubiri, na kwa kuwa mdomo wa shabiki haukai bure, wakaanza kuwachambua wasomi. Yule anakimbia kama anawahi mtihani. Yule amefunga miwani kwa kamba ya kiatu, akianguka itabidi asomewe. Refa bwana, waongezee muda wa kupitia maswali! Lakini taratibu Sesilia alisikia maneno yanabadilika. "Namba kumi anajua, msiseme." "Nani kasema hajui?" Kijani wakawachukua weupe. Wekundu, kwa sababu Kijani wamewachukua weupe, wakawa buluu tangu kuzaliwa.

Halafu beki wa kushoto wa weupe, kijana mwembamba kama fagio, mpira ukamgonga mkononi ndani ya boksi. Penalti.

"Ataonekana!" walipiga kelele bandani. "Sasa ataonekana!"

Sura ya Albano ikajaa kioo kizima. Bi Anjelina akainuka, akaenda mpaka kwenye TV, akakifuta kioo kwa ncha ya khanga, akabaki amesimama hapohapo. Rimoti ilikuwa kwapani.

Filimbi. Albano akaruka kulia. Mpira ukapita kushoto, taratibu, kama unaomba radhi.

"Kaenda sokoni!" waliangua kicheko bandani. "Kipa kaenda sokoni na kapu hana!"

"Ameruka huku," alisema mama. "Mpira umepita kule."

"Ndiyo mama," alisema Sesilia. Alijua basi, imekwisha.

Ila kamera haikuondoka. Yule beki mwembamba alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani, jezi ameivutia kichwani. Wenzake walimpita. Mmoja alimrushia mkono wa hasira. Albano aliinuka, akajipangusa, akauokota mpira wavuni, akaenda mpaka alipolala yule beki, akachuchumaa. Akamwambia kitu sikioni. Kilikuwa kitu kirefu, hakikusikika. Akamshika mkono akamnyanyua, halafu akampa yeye ule mpira aupeleke katikati. Kijana akafuta pua kwa bega, akakimbia nao.

Sesilia alimtazama mama yake. Alijua wanafikiria siku ileile: matokeo ya kidato cha pili yametoka, yeye amefeli, amekaa nyuma ya jiko na hakuna mtu anayemsemesha nyumba nzima, mpaka Albano, mdogo bado, alipokuja akachuchumaa mbele yake na bibo bivu la mkorosho mkononi, akampa alipeleke kwa mama.

"Vilevile," alisema Bi Anjelina, kwa kioo zaidi kuliko kwa bintiye. "Alivyokufanyia wewe." Akavua miwani, akaivaa tena. "Haya. Nimemwona. Warudishie mpira wao."

Akampa Sesilia rimoti. Sesilia akabonyeza, Wekundu wakarudi.

Ukelele ulioinuka bandani ulikuwa mkubwa kuliko zote zilizotangulia. "Aaaah! Rudishaaa!" Ndala uani. Pazia. Venance akachuchumaa, anahema.

"Mama Clara, mwambie mama, kama hatojali…"

"Wanataka nini tena?" aliuliza Bi Anjelina, akamsahau hata mtu wa kati.

Venance naye akajisahau. "Wanataka ile ya mwanao, mama. Mzee Kondo anasema mpira ulimgusa mkono, Kijani wanasema…" Akagutuka, akainamisha uso. "Mama Clara, mwambie mama wanaiomba."

"Mwambie mkwe wangu ningempa, lakini rimoti sasa anayo mkewe."

Sesilia akabonyeza, anacheka mpaka Clara mgongoni akatikisika.

Wekundu walishinda jioni ile. Mzee Kondo aliyasikia magoli kwenye redio ya bodaboda wakati anarudi kwake, na hakuna aliyethubutu kumwuliza alikuwa anaangalia nini. Fainali ya wasomi iliisha sare wakaenda kwenye matuta, na huko Albano alikwenda sokoni tena na tena, safari moja tu akarudi na kitu mikononi. Wakafungwa. Yule beki mwembamba alipiga la kwake akafunga.

"Jumatatu naenda chuoni," alisema Bi Anjelina, akikunja khanga.

Sesilia akamgeukia. "Lakini mama, si ulisema…"

"Nikawaambie wamlishe. Mtoto amekonda, hukuona shingo? Nitarudi mapema, nikae na huyu." Akanyoosha mikono kumpokea Clara. "Wewe uende kwenye darasa lako la jioni. Usichelewe kwa ajili yangu."

Sesilia akamfungua mtoto mgongoni taratibu, akampa bibi yake. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Mama Clara. Mwulize mama, eti Jumamosi ijayo atakuwepo? Watu wanauliza."

"Mwambie mkwe wangu," alisema Bi Anjelina, akimpa Clara kidole cha kung'ata, "anunue king'amuzi cha pili."