Chumba ya Kusikia

Jina njo iliharibisha yote. Mu Kifaransa ilikuwa jina ya muzuri: salle d'écoute, chumba ya kusikiliza muntu. Gauthier, directeur wa masomo ya batoto yetu, alienda ku séminaire, akarudia nayo mu kichwa, akatosha mabuku ya kuoza mu depot ya nyuma, akatiamo biti na meza ndogo. Kisha akaita bazazi. Sasa bazazi ba commune yetu, yenye jina Kenya, mingi kati yabo Kifaransa ni ya kusalimia tu. Directeur akabatafsiria na sura ya furaha: "Masomo yetu sasa iko na chumba ya kusikia."

Bakapiga makofi. Mama moja akasema kule nyuma, "Afazali. Wa kwangu hasikiake hata kidogo."

Kwetu, mutoto mwenye hasikie haiko kiziwi. Ni ule wa kichwa nguvu. Na mama akishakamata mukaba anasemaka, "Leo utasikia." Directeur na diplôme yake yote hakuwaza ile.

Mwelwa alikuwa amesimama ku mulango na casque, kofia ya pikipiki, mu mukono. Ni motard, anabebaka bantu ku pikipiki, yenye tunaita moto. Alikuya juu ya mudogo yake, Léa, mwenye yeye alimutosha mu mugini ya Mitwaba kisha bantu ba bunduki kuingiamo. Mama yabo alibakia kule, mu udongo. Tangu pale Léa haseme. Mu kalasi anaangaliaka tu dirisha, na muntu akifunga mulango kwa nguvu, anakojoa mu nguo. Benzake banamuitaka Robinet, ni kusema bomba ya maji.

Balikuwa banalala kwa tantine Clotilde, ndugu ya bazazi yabo, na tantine haikuwa muntu mubaya. Alifulaka mashuka ya Léa kila asubui bila kumupiga. Mais tangu mutoto yake wa mwisho alianza kugonjwa, alianza kumuangalia Léa na jicho ingine, sawa mulozi. Pasta wake alimuambia, lete ule mutoto siku ya Mungu. Atafunga, hakuna chakula, hakuna maji, mpaka kintu kitatoka ndani yake. Mwelwa aliisha kuona mutoto mwenye alitoka mu lupango, kiwanja ya ule pasta. Mifupa tu, na alama za kuchomwa na mushumaa ku mikono.

"Tantine, unipatie hii juma," alimuomba. "Ku masomo kuko madame wa kuzungumuza na batoto. Léa akisema, hautamupeleka?"

"Akisema, mwanangu, miye mwenyewe nitamupikia kuku. Unawaza ninapenda kumutesa? Mais haseme, kisha usiku anatembea mu nyumba na macho wazi. Weye ungelala?"

Siku ya ine ya juma bakapanda moto batatu, Léa katikati, tantine nyuma na kitambaa yake ya kichwa inapepea. Mu lupango ya masomo batoto bakakimbia kubazunguluka.

"Robinet anaenda ku chumba ya kusikia!"

"Leo atasikia!"

Kamoja kakapigisha bidole sawa fimbo. Mwelwa akacheka. Aliwaza ni muchezo ya batoto.

Madame Delphine alikuwa kijana, anakaa Golf, kwa batajiri, psychologue wa kweli mwenye alisomea mawazo ya bantu, na sauti ya polepole. Akamuomba tantine angoje inje. Mwelwa akabakia ndani. Madame akainama mbele ya Léa.

"Karibu, Léa. Hapa ni chumba ya kusikia. Leo nataka tu nikusikie."

Léa akamuangalia. Akatosha biatu, akabipanga muzuri pembeni ya ukuta. Kisha akapiga magoti chini, ku simenti, akafunga macho, akanyoosha mikono mbele, biganja juu.

"Anafanya nini?" Madame akauliza.

Mwelwa akamujibu, "Anangoja fimbo, Madame."

"Fimbo gani? Sikusema fimbo."

"Ulisema kusikia."

Madame akatia mukono ku kinywa. Akaikaa chini na sketi yake ya muzuri, akakamata ile mikono yote mbili, akangoja. Kalasi ya pembeni balikuwa banaimba table ya multiplication, mbili mara mbili. Balifika mbali.

Njo pale Léa akasema. Sauti ilitoka sawa mulango yenye kutu.

"Ba bunduki balitufungia mu kalasi. Bakasema, mutasikia. Mama njo alianza kusikia."

Mwelwa akashuka na mugongo ku ukuta mpaka chini. Alikuwa anataka kulia, na tena alikuwa anawaza: amesema, amesema, tantine hatamupeleka.

"Na usiku?" Madame akauliza polepole.

"Usiku Mama ananiitaka. Ninaamukaka kumutafuta. Nikimukosa, ninaendaka ku kitanda ya mutoto ya tantine. Ninaangaliaka kama anapumua."

Mulango ikafunguka. Tantine Clotilde, mwenye alikuwa anasikiliza ku mulango, hakupiga kelele. Ingekuwa afazali apige.

"Umesikia mwenyewe, Mwelwa. Anazungumuza na bantu benye kufa, kisha anaenda ku kitanda ya mutoto wangu."

"Anaendaka kumuangalia tu, tantine. Kama anapumua."

"Juu ya nini asipumue?"

Madame Delphine akasimama. "Mama, ile ni traumatisme, kidonda ya moyo. Mutoto aliona—"

"Madame, uko na batoto?"

"Bado."

"Basi."

Directeur akafika na kravate, akasikilisha nusu, akajifuta uso. "Mambo ya familia, masomo haiingiliakemo. Mutarudia lundi, kisha siku ya Mungu, hasira ikishapoa."

"Lundi atakuwa kwa pasta," Mwelwa akasema. Akamugeukia tantine. "Léa alisema. Ulisema akisema."

"Nilisema akisema. Sikujua atasema ile." Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. "Nitamupeleka kesho, sitangoja siku ya Mungu. Ao mutafute kwenye kulala. Miye niko na mutoto mu nyumba."

Mwelwa akamuvalisha Léa biatu. Kamba zilimushinda, akaziacha vile. Akamutia casque yake ku kichwa, ikashuka mpaka ku pua. Madame akabafwata mpaka ku moto.

"Lundi, Mwelwa. Nitakuwa hapa tangu asubui. Umulete, nakuomba."

"Lundi iko mbali, Madame."

Madame akaangalia chini. Kule Golf kuko manyumba yenye byumba mwenye kunalala hewa tu. Hakubaambia bakuye kule, na Mwelwa hakumuomba.

Akatoka ku barabara, akasimama, juu hakujua njia gani ya kukamata. Minibus zilimupigia klaxon. Nyuma yake Léa akamuvuta shati, akamuita sawa batoto banaitaka mukubwa yabo.

"Yaya."

"Sema."

"Utanipiga weye, ao tunaenda kwa mwingine?"

"Hakuna muntu atakupiga."

Léa akaiwaza muzuri chini ya casque.

"Leo tu," akasema, na haikuwa swali.

Mwelwa akawasha moto yake.