Mabega ya Gurulingappa Mbele ya Jaji

Gurulingappa, fundi cherehani wa mji wa Hubballi, India, aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, na tangu hapo mguu wake wa kulia ukagoma kukunjika. Baraza la madai ya ajali likaamuru alipwe fidia. Kampuni ya bima ya lori lile haikuridhika. Ikakata rufaa Mahakama Kuu ya Dharwad, ikaja na video.

"Mheshimiwa Jaji," akasema wakili wa bima, Bi. Sequeira, akifungua kompyuta yake, "huyu anayedai hawezi kukanyaga cherehani, tazama anavyocheza kwenye harusi ya mpwa wake."

Neelavva, mke wa Gurulingappa, akamnong'oneza mumewe, "Baba Girish, kumbe yule jamaa wa kamera hakuwa wa upande wa bwana harusi. Na mimi nilivyomjazia holige, mikate ile mitamu, kwenye jani lake la mgomba."

Gurulingappa hakumsikia. Alikuwa akijitazama kwenye video. Tangu ujanani, mtaani kwao harusi haikuchangamka mpaka yeye aingie uwanjani, na alijiona bado yumo.

Wakili wake, Inamdar, akamwinamia sikioni. "Sema ulikuwa unaanguka, shemeji zako wakakudaka. Basi, tumeshinda."

"Lakini nilikuwa nacheza."

"Unaanguka, mzee. Hata mimi naona."

Jaji akamwita mbele. "Gurulingappa, hapa unacheza au unaanguka?"

Gurulingappa akaifikiria cherehani iliyofunikwa shuka nyumbani, na ada ya shule ya Girish. Kisha akawafikiria majirani waliojaa benchi la nyuma.

"Nacheza, Mheshimiwa."

Inamdar akajifunika uso kwa joho. Bi. Sequeira akatabasamu.

"Mheshimiwa, usimsikilize," akasema Neelavva akisimama. "Alicheza zamani. Siku hizi kaka zangu wanambeba kama gunia la mtama, yeye anatikisa mabega tu. Tunamwachia, asiumie roho."

Jaji akaomba video irudiwe, safari hii akiangalia sehemu ya chini ya picha tu. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa, wa pili uko hewani. Akakohoa kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Mabega yanacheza," akasema. "Miguu haimo. Rufaa imetupwa."

Nje, Gurulingappa alinuna mpaka kituo cha basi. Neelavva akamshika kiwiko apande ngazi za basi, naye akauchomoa mkono wake, kisha akaurudisha mwenyewe.

"Ila mabega umeyaona?" akauliza walipokwisha kukaa.

"Nimeyaona, baba Girish. Na jaji kayaona."