Waliokuja Kunishika Mgongo

Magari mawili yaliingia uani kwetu Gahanga, na idara yangu nzima ikashuka katika nguo za msiba. Nilikuwa nimewaambia shangazi zangu wasiwatarajie. Mama tulikuwa tumemzika siku chache kabla, nami niliogopa baba asije akauliza wenzangu wa chuoni wako wapi. Hakujua lolote.

Hakujua kwamba nilikataa kuweka jina la mkuu wa idara, Daktari Kamanzi, kwenye makala yangu ambayo yeye hakuandika hata mstari. Tangu hapo nikawa mtu wa kuepukwa. Somo langu akapewa mwingine. Vikao viliitishwa bila mimi kuambiwa, kisha nikapewa onyo kwa kutohudhuria. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika, na Béatha, rafiki yangu wa miaka yote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Nililia chooni kama mwanafunzi. Usiniulize kwa nini sikusema nyumbani. Baba alitutoa Ngara, kule Tanzania, na masanduku mawili ili mimi nije kuwa mhadhiri, ningeanzia wapi?

Basi wakaketi. Kwetu huwezi kumwacha mwenzako na msiba bila kwenda kumfariji, kumshika mgongo kama tusemavyo, hata kama wewe ndiye unayeuvunja mgongo huo. Béatha alinikumbatia, akalia machozi ya kweli. Kamanzi akasimama, na kwa heshima ya wajomba zangu waliotoka Tanzania, akajitahidi Kiswahili.

"Mzee, pole sana. Huyu Mukunde iko mtoto yetu. Pale kazini sisi iko familia moja. Sisi hatamuacha peke yake."

Baba akainuka kwa shida, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Daktari, nilikuwa na hofu. Mama yake ndiye aliyekuwa msiri wake. Sasa nimeona ana watu."

Kamanzi alinitazama juu ya bega la baba. Nilitaka aone haya. Alitabasamu kwa upole tu, na nadhani aliamini kila neno alilosema. Hilo liliniuma kuliko yote.

Jumatatu, chuoni, Béatha alinipita kwenye ngazi akitazama simu yake.

Jioni nilirudi nimeamua kumwambia baba kila kitu. Nilimkuta sebuleni, amenyoa ndevu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mukunde, nipe namba ya yule mkuu wako. Nataka kumshukuru vizuri."

Nikamsomea, tarakimu moja moja, polepole, asije akakosea.